Kamusi na Cherehani

Mgeni ambaye angeingia nyumbani kwa Anyelwisye pale Kasense, mjini Sumbawanga, saa za mchana angedhani ameingia kwa wendawazimu wawili. Sebuleni angemkuta mzee mrefu, sweta la kijivu mwilini na kofia ya sufu kichwani, akizungumza na paka. Chumba cha nyuma, ng'ambo ya pazia la maua, angemkuta mwanamke akizungumza na cherehani. Kama angekuwa na subira ya kukaa kidogo, angegundua kwamba paka na cherehani hawana habari yoyote, na kwamba wale wawili wanazungumza wao kwa wao, tena kwa Kiingereza cha kukunja ulimi.

Wazimu haukuwamo. Kulikuwa na ukwe tu.

Kwa Wanyakyusa wa zamani, mke wa mtu na baba wa mumewe hawaonani usoni. Wakikutana njiani, mwanamke huchepuka kwenye majani mpaka mzee apite. Hawali pamoja, hawasalimiani, na jina la mkwe halipiti mdomoni mwa mkaza mwana hata akiwa ndotoni. Siku hizi wengi wameulegeza mwiko huo. Wapo wanaopanda gari moja na wakwe zao na kugombania nao paja la kuku. Lakini mzee huyu hakuwa wa siku hizi. Alikuwa mwalimu mstaafu wa Kiingereza kutoka Tukuyu, mzee wa kanisa, mtu wa kunyoosha mambo kwa rula. Sisi tusio wakaza wana wake tunaweza kumtaja bila dhambi: Mzee Jafeti. Anyelwisye yeye, hata mtoto wa jirani aliyeitwa Jafeti alimwita "yule mdogo wake Luciana".

Kwa ukoo wao, mwenye kuulegeza mwiko ni mkwe mwenyewe. Humpa mkaza mwana kitu kwa mkono wake, na kuanzia hapo wanaweza kuonana kama watu wengine. Mzee Jafeti hakuwa ametoa kitu. Si kwa ukali. Mambo hayo alikuwa akiyapanga mkewe, na mkewe alikuwa amefariki mwaka uliopita. Ndiyo maana Isakwisa, mume wa Anyelwisye, alimfuata baba yake Tukuyu na kumleta Sumbawanga, maana mzee alikuwa amebaki peke yake na magoti mabovu kwenye nyumba yenye vyumba vingi.

Isakwisa ni afisa mifugo. Huondoka na pikipiki asubuhi kwenda huko Ilemba kuchanja ng'ombe, akirudi ana vumbi mpaka kwenye kope. Binti yao Hilaria yuko shule ya msingi. Hivyo kuanzia asubuhi mpaka jioni walibaki watu wawili ndani ya nyumba moja, hawaruhusiwi kuonana, wala kusemezana.

Walijipangia maisha. Chakula Anyelwisye alikiweka kwenye kigoda karibu na pazia, akagonga mwimo wa mlango kwa mwiko, akarudi nyuma. Mzee naye, akitaka kutoka kwenda msalani, alikohoa kikohozi maalumu, kirefu, ili mwenye nyumba apate muda wa kujificha. Salamu zilipitia kwa Hilaria. "Babu, mama anasema shikamoo." "Mwambie marahaba." Tabu ilikuwa moja. Anyelwisye ni fundi cherehani, na wateja wake huja barazani, mbele. Njia ya kwenda mbele inapita sebuleni. Kwa hiyo kila mteja alipobisha hodi, fundi alitoka kwa mlango wa jikoni, akaizunguka nyumba nzima. Mzee alikuja Novemba, mvua zinaanza, na udongo wa Kasense ukilowa huwa hauna huruma na kandambili.

Jirani yake Klementina, Mfipa wa kuzaliwa hapo hapo, aliyaona hayo akacheka mpaka akakaa chini. Yeye alikuwa akiingia sebuleni moja kwa moja, anachuchumaa, anamsalimu mzee kwa kupiga makofi taratibu kama kwao, wanaulizana habari za mashamba, anatoka.

"Mwenzangu," alimwambia Anyelwisye, "kwetu mkwe anaheshimiwa kwa makofi. Kwenu anaheshimiwa kwa matope."

"Kila ndege huruka kwa ubawa wake," Anyelwisye alimjibu, huku akikamua gauni.

Sasa kamusi. Mzee Jafeti alikuja na begi dogo na kamusi moja nene ya Kiingereza kwa Kiingereza, jalada limekwisha zamani, kurasa zimeshonwa kwa uzi wa viatu. Alikuwa amejipa kazi ya uzeeni: kuisoma yote kutoka A mpaka Z, akiyaruka maneno ambayo kila mtoto anayajua na kubaki na yale mazito. Alifunika neno kwa kidole, akasoma maana yake kwa sauti, akajijaribu kama analikumbuka. Aliposhinda alisema "Vema." Aliposhindwa aliguna.

Anyelwisye alisikiliza A yote, na B, na C, kimya, mguu uko kwenye pedali. Shule aliishia kidato cha pili, na katika yote aliyoyaacha huko, kilichomwuma ni Kiingereza. Hakuwahi kumwambia mtu. Angemwambia nani, na angekitumia wapi, kwenye kukata sketi za shule?

Walipofika E, mzee akakwama. Alisoma maana, akairudia, akaguna. Alisoma kwa Kiingereza, lakini sisi tuiweke kwa Kiswahili tusichoshane: kazi ya kupamba kitambaa kwa sindano na nyuzi. Akarudia tena, na safari hii sauti ilikuwa ya mtu aliyeanza kuwa na wasiwasi na kichwa chake. Anyelwisye alilijua neno hilo. Limeandikwa kwa rangi nyekundu kwenye vibao vya mafundi nusu ya mji. Huruma ikamshika, na ulimi ukamponyoka.

"Cherehani," aliiambia cherehani yake, "hiyo si *embroidery*?"

Mwanamke akafunika mdomo, akangoja anga limdondokee. Ng'ambo ya pazia, kiti kililia kidogo, kisha ikaja sauti ya mzee, nzito na ya utaratibu, ikielekezwa chini, kwenye miguu ya meza alikolala paka wa Klementina.

"Paka," alisema Mzee Jafeti, "iambie cherehani imepata."

Ndivyo ilivyoanza. Hakuna mwiko uliovunjwa, na mtu yeyote akiuliza ataambiwa hivyo hivyo: mzee alisema na paka, mama alisema na cherehani, na wanyama na vyombo havina ukwe.

Kuanzia siku ile mchana ulibadilika. Mzee alisoma maana, cherehani ilisimama, mwanamke alifikiri. Kama neno alilijua, alilitaja. Kama halijui, mzee alingoja kidogo kisha akalitaja yeye, polepole, akalivunja vipandevipande, na kesho yake alianza kwa kuuliza ya jana. Hakupenda majibu ya karibu. Siku moja alisoma: mtu anayetumia mali yake kwa uangalifu, asiyepoteza. Cherehani ikajibu kwamba huyo ni bahili. "Paka," mzee akasema, "bahili anajinyima hata anachokihitaji. Huyu hapotezi tu. Ni *frugal*. Isiwatukane watu wema." Anyelwisye akacheka peke yake, akamkumbuka mama yake mzazi, ambaye hutumia uzi uleule kushona magunia mwaka hadi mwaka.

Na hapo mzee alishangaa, akamwambia Isakwisa jioni: huyo mkeo maana anazidaka upesi kuliko wanafunzi wote niliowahi kuwafundisha. Isakwisa akashangaa pia. Anyelwisye pekee ndiye hakushangaa. Mama yake mzazi naye alikuwa mkaza mwana wa mtu, na jina la mkwe wake lilifanana na neno la kwao la shoka. Basi nyumbani kwao hakukuwa na shoka. Kulikuwa na kile cha kupasulia kuni. Na kwa majina ya wakwe wengine, kulikuwa na ile ya kutekea maji, na yule anayetuamsha alfajiri, na wale wa mlima wa pili. Mtoto alilelewa kwenye nyumba ambamo nusu ya vitu havina majina, vina maana tu, na ukitumwa lazima ujue umetumwa nini. Kamusi ya mkwe ilikuwa mchezo wa utotoni uliovaa suti.

Maneno yakaanza kumtoka. Mzee alikuwa amemwonya paka kwamba neno lisilotumika huota kutu, basi Anyelwisye aliyatumia. Aliandika kwenye kundi la mafundi la WhatsApp kwamba bei mpya ya vitambaa ni *exorbitant*. Kundi zima likakaa kimya asubuhi nzima, mpaka mwenzao mmoja, Modesta, akauliza kama ameanza kunena kwa lugha. Alimwambia Hilaria kwamba chumba chake ni *deplorable*, na mtoto akaenda kumwuliza babu kama ametukanwa. Babu akasema ndiyo, lakini kwa heshima.

Mvua zikakatika. Mahindi yakakauka shambani. Upepo wa Ufipa ukaanza kupiga kwa raha zake, ule unaopenya hata kwenye soksi, na kamusi ikaingia K.

Jioni moja, wakila ugali wa ulezi na samaki wa migebuka jikoni, Isakwisa alimwambia mkewe jambo kama linalopita tu.

"Baba anasema kitabu kikiisha anaondoka. Salome atakuja kumchukua, akakae naye Mbeya."

Salome ni dada yake Isakwisa, mwenye nyumba ndogo na watoto wengi.

"Kwa nini? Kuna lililomwudhi?"

"Hapana. Anasema anakutesa. Anasema kila siku anasikia kandambili zako zinaizunguka nyumba, kwenye nyumba yako mwenyewe. Mwanzoni zilikuwa zinanata kwenye matope, sasa zinaburuta vumbi. Anasema hawezi kuzeeka akisikiliza hayo."

Anyelwisye aliacha tonge. Miezi ile ya mwanzo, tuseme ukweli, angepewa habari hiyo angepika pilau. Sasa aliisogeza sahani pembeni. Alimpenda yule mzee. Hakuwahi kumwona uso, na alimpenda, na hakuna haja ya kulizunguka neno hilo.

"Mwambie siyajali hayo matope," alimwambia mumewe.

Isakwisa alikwenda sebuleni, akarudi. "Anasema unasema hivyo kwa adabu."

Akamtuma Hilaria. Mtoto akarudi na jibu lilelile. Akampigia Salome simu amwombee. Salome akampigia baba yake, kisha akarudi hewani akicheka: "Wifi, anasema wewe ni mtoto uliyelelewa, ungesema nini kingine?" Tabu ya kusema kupitia watu ndiyo hiyo. Wote hubeba adabu, hakuna anayebeba moyo. Kitu pekee kilichopita kwenye pazia lile kikiwa kizima ni maneno ya kamusi.

Basi mwanamke akajipangia lake. Kitabu kikiisha mzee anaondoka. Dawa ni kitabu kisiishe. Siku chache baadaye mzee alisoma: kukawia mahali baada ya muda kupita, kwa kutotaka kuondoka. Anyelwisye alilijua, *linger*, walilikuta kwenye mfano wa neno jingine.

"Cherehani, hilo hatulijui."

Mzee akalitaja. Kesho yake akaliuliza, na cherehani ikawa imelisahau. Ikasahau na la jirani yake. Ikaanza kuchanganya hata maneno ya E, ambayo ilikuwa ikiyajua kama kanisa na kengele. Kurasa zilizokuwa zikifunguka kwa wingi kila mchana zikaanza kwenda kwa mwendo wa kinyonga, na mzee alirudia na kurudia bila kulalamika. Anyelwisye alijiona mjanja. Alipiga hesabu kwamba kwa mwendo ule Z wataifikia Hilaria akiwa na watoto.

Walipofika O, mzee alisoma: mtu asiyebadili nia hata akionyeshwa sababu. Cherehani ikasema hailijui. Mzee akafunga kamusi.

"Paka," alisema, "nimefundisha maisha yangu yote. Mwanafunzi asiyejua husimama akafikiri. Hii cherehani, ikiwa kweli haijui, inanyamaza. Siku hizi inasema haijui huku inashona, na mshono wake nausikia umenyooka. Iambie neno hilo ni *obstinate*, na inalijua, maana ndiyo sifa yake." Akaigonga kamusi kwa kidole. "Hata mimi ninayo. Kesho tunaendelea, na turudi kwenye mwendo wetu."

Mguu wa Anyelwisye ulibaki juu ya pedali. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Alikuwa ameshikwa uongo na mtu asiyemwona. Tangu siku hiyo hakudanganya tena. Alijibu kila neno alilolijua, na alikuwa akijua mengi, na P ikapita, na R, na S yenye maneno kama mchanga. Kila jibu sahihi lilikuwa linaisogeza karibu siku ya mzee kupanda basi, naye alijibu.

Salome alifika siku ya Z. Alikuja na basi la Mbeya, mwanamke mnene wa vicheko, akamkumbatia wifi yake jikoni, akaingia kumfungia baba yake begi. Kesho yake asubuhi bajaji ilikuwa inasubiri barazani, Isakwisa amesimama nayo bila kuikagua wala kuangalia popote. Hilaria hakwenda shule. Alikaa mlangoni mwa jikoni, mashavu yamevimba.

Mzee Jafeti alikuwa ameketi kwenye kiti chake, kofia kichwani, fimbo magotini. Akafungua ukurasa wa mwisho.

"Baba, basi halisubiri," Salome alisema.

"Limebaki moja." Akasoma: hamu na uchangamfu wa kuishi au kufanya jambo.

Cherehani haikuwa ikishona asubuhi ile. Anyelwisye alikuwa ameketi mbele yake na mikono mapajani.

"*Zest*," alisema, na hakukumbuka hata kuiita cherehani.

"Vema." Kamusi ikafungwa. Kiti kikalia, mzee alikuwa anainuka. Kikohozi kikasikika, kile kirefu cha kuomba njia.

Anyelwisye hakuondoka kujificha.

"Cherehani," alisema. "Mimi nami nina neno langu. Nikuulize wewe leo."

Sebuleni viatu vikasimama. Mwanamke akavuta pumzi, akaanza, kwa Kiingereza, polepole, sentensi ndefu kuliko zote alizowahi kusema kwa lugha hiyo. Maisha yake yote jina lile lilikuwa limekatazwa kinywani mwake. Lakini kueleza maana hakukukatazwa na mtu, na hiyo ndiyo kazi aliyolelewa kuifanya.

"Ni mtu," alisema. "Mtu anayefundisha bila kumwona mwanafunzi wake. Anayejua kama mwanafunzi huyo anasema kweli kwa kusikiliza mshono. Ni mtu ambaye mwingine huizunguka nyumba kwa ajili yake, kwenye matope na kwenye vumbi, na njia hiyo akaizoea akaipenda. Akiondoka, cherehani itabaki ni chuma tu. Neno hilo ni nani?"

Salome, aliyekuwa ameshika begi, aliliweka chini taratibu. Nje dereva wa bajaji alipiga honi, Isakwisa akamwambia anyamaze.

Kiti kikalia tena. Mzee alikuwa ameketi. Ikasikika kamusi ikifunguliwa, kurasa zikipinduliwa, nyingi, kwenda mbele na kurudi nyuma, kama za mtu anayetafuta kitu kweli. Kisha zikanyamaza. Mzee akapenga kamasi mara moja.

Halafu fimbo ikagonga sakafu mpaka karibu, na chini ya pazia la maua ukatokea mkono. Mkono mkavu wa mzee, wenye mishipa na doa la wino wa zamani kwenye kidole, na ndani ya mkono huo kamusi isiyo na jalada. Anyelwisye akapiga magoti. Aliipokea kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, na kwa sekunde hiyo vidole vyao vilikuwa vimeshika kitabu kimoja.

Paka hakuwepo, alikuwa ametoka kuota jua kwa Klementina. Mzee alisema hivyo hivyo bila paka.

"Neno hilo sijaliona humu, binti yangu. Huenda tuliliruka. Njoo ukae hapa, tuanze tena na A, safari hii usome wewe."